Vitu vya Mtu Aliye Hai

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya zamani ya ustawi, na kufikia saa nne kila mtu katika nyumba za kiwanda kule Nyakato alikuwa ameshalisoma au ameshasomewa. Mwenye mali mpya, aliyenunua kiwanda, alitaka nyumba zake. Wafanyakazi waliopunguzwa walipewa mwezi mmoja wawe wamehama.

Evelina alilisoma mara mbili. Hakuona jambo la kulia. Mashine za kufuma zilikuwa zimenyamaza tangu mwaka uliotangulia, mitumba ilikuwa imejaa kila gulio kuanzia Igoma hadi Magu, na aliyedhani kwamba watu wangerudi kununua vitenge vya kiwanda chao alikuwa anajidanganya. Alirudi nyumbani, akasimama katikati ya sebule, akaanza kuangalia vitu kimoja kimoja kama mgeni aliyefika leo.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika nyumba ile ya vyumba viwili na sebule. Aliingia humo bibi harusi mwaka 1977, yeye Mjita wa Majita, mumewe Msukuma wa Kwimba, wote wawili waajiriwa wa kiwanda kimoja. Shimba alikuwa fundi mitambo, Evelina alikuwa mfumaji. Hawakujaliwa mtoto. Katika mwaka wa kumi na moja wa ndoa, habari za dhahabu ya Geita zilipokuwa zimechachamaa, Shimba aliomba likizo ya wiki mbili akaondoka na mkoba mmoja begani. Likizo ile haikuisha.

Mwanzoni zilikuja barua, tatu kwa jumla. Kisha zikaja salamu kwa vinywa vya watu. Mwisho dereva mmoja wa kiwanda aliyekuwa akipeleka vitambaa Geita alimwambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba Shimba yuko Sengerema, ana kibanda cha kuchomelea vyuma, na ana watu wanaomtegemea. Evelina hakuuliza ni watu gani. Aliingia zamu ya jioni kama kawaida. Tangu hapo kila aliyemuuliza habari za mumewe alijibiwa hivyo hivyo: "Yuko safarini." Miaka ikapita, watu wakaacha kuuliza, na ule ukimya ukamuuma kuliko maswali.

Chumba alikipata Buzuruga, nyuma ya stendi ya mabasi, katika nyumba ya wapangaji sita wanaochota maji kwenye bomba moja. Alikipima kwa miguu: hatua nne kwenda, tatu na nusu kuvuka. Kingeweza kubeba kitanda kidogo, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili na stuli. Vingine vyote ilibidi viende.

Lakini viende wapi? Wiki ile kila nyumba katika mistari yote ya kiwanda ilikuwa kama imetapika. Vitanda vilisimamishwa ukutani, makabati yalikaa juani milango ikiwa wazi, meza zilipandana, makochi ya mvule yaliyokuwa fahari ya watu wakati wa Krismasi yalipigwa na vumbi la barabarani. Wote walikuwa wanauza na hapakuwa na wa kununua. Wachache waliokuja kutoka Mabatini na Igoma walipita katikati ya vitu mikono nyuma, wakagonga mbao kwa vidole, wakaenda zao. Kijana mmoja aliyeoa karibuni alimwambia Evelina bila ubaya wowote, "Mama, siku hizi mjini kuna viti vya plastiki. Unabeba vinne kwa mkono mmoja. Haya makochi nitayapitisha mlango gani?"

Makochi yalichukuliwa na mwenye baa wa Mirongo. Watu wake waliyarusha juu ya pikapu miguu juu, na gari lilipoanza kuondoka Evelina aliona vitambaa vyake vya kufuma bado vimebandikwa kwenye migongo. Alikimbia, akamgongea dereva, akavichomoa kimoja kimoja huku wale watu wakicheka. Gari likaenda. Akabaki amesimama barabarani na vitambaa vitano vyeupe mkononi, hana kochi la kuvitandikia.

Kabati la vyombo alilipeleka kigangoni, katekista akasema litawekewa vitabu vya nyimbo. Meza ya kulia alimpa jirani wa nyumba ya pili, mama mmoja waliyefanya naye kazi mashine moja miaka minane. Siku tatu baadaye aliiona meza ile ile imesimama peke yake chini ya dirisha la jirani. Alipochungulia, nyumba ilikuwa tupu. Jirani alikuwa amehama alfajiri, na hakuwa amekuja kuaga. Labda aliona aibu kuiacha ile meza. Evelina aliirudisha ndani kwake, kisha akajiuliza ameirudisha ya nini, akaitoa tena nje.

Moshi wa jikoni ukapungua jioni hadi jioni. Mwanzo wa wiki ya tatu, katika mstari mzima wa nyumba kumi na mbili, zilikuwa zinapika nyumba tatu.

Vikabaki vitu viwili ambavyo alikuwa akivizunguka bila kuvigusa: kitanda kikubwa cha mninga, na vitu vya Shimba.

Vya Shimba vilikuwa katika sanduku la bati la kijani na kisanduku kimoja cha zana. Kila mwaka masika yalipokwisha Evelina alizitoa nguo zile, akazianika, akazipiga pasi, akaweka vidonge vipya vya kufukuza nondo, akazikunja tena. Suti ya bluu ya harusi, makoti mawili, mashati ya kitambaa cha kiwanda, kofia moja. Hakumwambia mtu kwa nini alifanya hivyo, na mwenyewe hakujiuliza.

Siku moja alikuwa amepatana na Masalu, mwenye mkokoteni, aje kuondoa vyuma chakavu vya uani. Masalu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mabega mapana kuliko mlango. Alipokuwa anafunga kamba, akaingia mwanamke muuza mitumba, mchangamfu, mwenye sauti ya sokoni. Aliona sanduku liko wazi, akachuchumaa, akapitisha mkono juu ya mashati.

"Hizi za kiume nazichukua zote, mama," akasema. "Zimetunzwa! Marehemu alikuwa mrefu, eh?"

"Nani kakwambia ni marehemu?"

Yule mwanamke akaondoa mkono. "Nisamehe mama. Nimeona zimekunjwa kama za—"

"Mwenyewe yuko safarini."

"Basi, tena pole. Ila akirudi si atataka mpya?"

Evelina akafunga kifuniko. Muuza mitumba alipokwenda, Masalu aliendelea kuhangaika na kamba kwa muda, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Umefanya vizuri, mama. Kwetu vitu vya mtu aliye hai haviuzwi, wala havigawiwi. Ukiuza ni kama umemzika. Mwenyewe akiwa mbali, anapelekewa."

"Hata kama hakuagiza?"

"Hata kama. Unampelekea, unasema, chukua mzigo wako, mimi nahama. Halafu moyo wako unakuwa mwepesi."

Usingizini na katika kazi za nyumbani Evelina alikuwa na maneno yale. Unampelekea. Kwa miaka tisa hakuwahi kufikiria kuvuka maji kumfuata Shimba. Aliona kwamba anayefuata ndiye anayeomba, na yeye hakuwa na cha kuomba. Lakini huku kulikuwa kurudisha mzigo. Mtu anaweza kurudisha mzigo akiwa ameinua kichwa. Akaanza kupanga maneno. Aliyasema akifagia, akayasema akiosha sufuria: "Shimba, nyumba imechukuliwa. Vitu vyako hivi, vihesabu." Akaona "vihesabu" ni neno la hasira, akaliondoa. Akalirudisha. Zaidi ya yote alitaka kuuona uso wake anapopokea.

Juu ya nguo zile aliweka picha ya harusi, ndani ya fremu yake. Nayo irudi kwa mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alipanda basi la Sengerema, sanduku na zana juu ya keria. Kule Kigongo abiria walishuka, wakaingia kwenye pantoni kwa miguu nyuma ya mabasi. Tangu msiba wa meli mwaka uliotangulia, watu wa Mwanza walikuwa wakiingia majini bila mzaha. Mama mmoja alitoa rozari, mwanamume mmoja akavua viatu kabisa akavishika mkononi. Evelina hakuwa na hofu ya maji. Alizaliwa pembeni mwa ziwa hilo hilo. Alisimama kwenye ukingo wa chuma akitazama sanduku la kijani juu ya basi, akarudia maneno yake, mpaka milima ya mawe ya Busisi ikasogea na mlango wa pantoni ukashushwa.

Sengerema alimkodi mwenye baiskeli ambebee mzigo. Alipouliza kwa Shimba mchomeleaji, yule mwenye baiskeli alimtazama kidogo. "Unataka kwa mama Kabula," akasema. Evelina akasema ndiyo, ingawa ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia jina hilo. Kwa hiyo kuna Kabula.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati lake limeshikwa na mawe, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Mbele yake kulikuwa na kibanda cha nguzo tupu, sakafu nyeusi kwa kutu na makaa ya zamani. Hapakuwa na mtu anayechomelea. Pembeni mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa anakaanga maandazi, na kando yake msichana wa miaka saba hivi alikuwa anayapanga kwenye beseni. Msichana aliinua uso, na Evelina akaliona paji la uso la Shimba, pana vile vile, na nyusi zake zilizokaribiana kama zinazonong'onezana.

"Shikamoo mama," mwanamke alisema. "Karibu. Ya moto haya."

"Marahaba. Sikuja kununua." Sauti ilimtoka kavu. "Nimemletea Shimba vitu vyake. Mwambie Evelina wa Nyakato amefika."

Yule mwanamke, Dorotea jina lake, aliepua karai, akaliweka chini. Akafuta mikono kwenye khanga polepole sana, kidole hadi kidole.

"Karibu ndani kwanza, dada."

"Siingii ndani. Niitie mwenyewe."

"Kabula," Dorotea akamwambia msichana, "nenda kwa bibi Tatu ukaniletee chumvi." Msichana alipokwenda, akasogea karibu. "Dada yangu, ingia ukae. Habari hii siwezi kukupa umesimama."

Evelina akajua. Alijua kabla hajaambiwa, akiwa bado anaitazama ile sakafu nyeusi ya kibanda, na majani mabichi yaliyoanza kuota katikati yake. Hata hivyo aliingia, akakaa, akaambiwa.

Shimo la dhahabu lilikuwa limeporomoka. Shimba hakuwa hata mchimbaji siku hizo. Alikuwa amekwenda kutengeneza pampu ya maji ya watu fulani kule machimboni, akashuka shimoni kukagua mpira wa kuvutia maji. Watu walichukua siku mbili kuwatoa. Waliofia humo walikuwa wanne.

"Lini?" Evelina aliuliza.

"Mwaka juzi. Mwezi wa pili, tarehe kumi na nne."

Mwaka juzi mwezi wa pili. Evelina alijaribu kukumbuka tarehe kumi na nne ile alikuwa wapi. Kiwanda kilikuwa bado kinafanya kazi. Pengine alikuwa zamu ya asubuhi, pengine alikuwa anasengenya na wenzake wakati wa uji. Hakukumbuka kitu chochote. Ilikuwa siku kama nyingine. Na baada ya hapo masika mawili, mara mbili, alikuwa amesimama na pasi ya mkaa akinyoosha mashati ya mtu aliye chini ya ardhi, akigombana naye moyoni, akimtungia maneno ya kumchoma.

"Alizikwa hapa?"

"Hapana. Kwao, Kwimba. Mihayo alikuja kumchukua."

Mihayo alikuwa mdogo wake Shimba. Alikaa nyumbani kwa Evelina pale Nyakato miaka miwili akitafuta kazi. Alikula mezani pake. Alijua mlango ulipo.

"Mihayo," Evelina alisema. "Kutoka Kwimba kuja Nyakato ni nusu siku. Kwa nini hakunijulisha?"

Dorotea aliinama, akashika pindo la khanga yake.

"Sema tu. Nimeshasikia lililo kubwa."

"Mimi nilimwambia," Dorotea akasema, machozi yanaanza kumtoka. "Haki ya Mungu nilimwambia, yule mama wa Mwanza aambiwe. Shimba aliniambia mwanzoni kwamba mliachana, kwamba ulirudi kwenu Majita. Baadaye nikajua siyo. Nikamwambia Mihayo, apelekewe habari. Akasema... akasema, yule hakuzaa na kaka yangu. Asiyezaa naye hakufiwa."

Nje mashine ya kukoboa iliwashwa, ikanguruma, na kwa muda hawakuweza kuongea hata kama wangetaka. Evelina alikaa mikono juu ya mapaja. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi: kufukuzwa, kuombwa radhi, kuchekwa, hata kubembelezwa arudiwe. Hakuwa amejiandaa kukuta hakuna mtu wa kumkabidhi mzigo.

Mashine ilipozimwa, Dorotea alisema, "Na mimi usidhani niliachiwa kitu. Siku ya nne baada ya matanga Mihayo alirudi na gari. Akabeba mashine ya kuchomelea, akabeba baiskeli, akabeba hata mabati ya kibanda. Walituachia godoro."

"Na mtoto? Mtoto si wao?"

"Walisema akikua watamfuata."

Kabula alikuwa amerudi na chumvi, amesimama mlangoni akimwangalia mgeni. Evelina alimwita kwa mkono. Msichana akaja, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo. Evelina aliitikia, na kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akafungua sanduku.

Harufu ya vidonge vya nondo ikajaa chumba. Kabula alipiga chafya, akacheka, kisha akaona watu wazima hawacheki. "Za nani hizi?" akauliza.

"Za baba yako."

Msichana aligusa koti kwa ncha ya kidole. Baba yake alipokufa alikuwa na miaka mitano, na ilionekana alikuwa anatafuta ndani ya kichwa chake kitu cha kulinganisha na koti lile, na hakipati. Kisha akaona fremu. "Huyu ni yeye?"

"Ndiye."

Dorotea akaja haraka, akainama. Katika nyumba ile hapakuwa na picha ya Shimba hata moja. Alikuwa mtu asiyependa kupigwa picha, na ile ya kitambulisho Mihayo aliichukua pamoja na vingine. Dorotea aliiangalia picha ya harusi kwa muda mrefu: Shimba katika suti ya bluu ambayo pale ilionekana nyeusi, kijana, ameng'ata midomo, na kando yake Evelina mwembamba, na shela, na maua ya plastiki. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yanaomba, lakini mdomo haukuthubutu.

"Ichukueni," Evelina alisema.

"Lakini na wewe umo, dada."

"Si neno. Nitakaa humo humo."

Walizigawa nguo mchana ule, wawili wao, kama inavyotakiwa kwa vitu vya marehemu, ingawa walikuwa wamechelewa na hapakuwa na mzee wa ukoo wa kusimamia. Dorotea aliita majirani wawili na mzee wa kanisa. Mzee aliomba sala fupi. Koti moja lilikwenda kwa mtu aliyesaidia kumtoa Shimba shimoni, lingine kwa mzee mwenyewe. Suti walimwekea Kabula, kwamba siku akiolewa aione. Zana alipewa Dorotea. Evelina alimwambia azikodishe kwa mafundi, asizionyeshe kwa Mihayo. Mashati yakagawiwa yote. Mzee wa kanisa alimuuliza Evelina yeye anachukua nini, maana mjane wa kwanza ndiye wa kwanza kuchagua.

Lile neno mjane, lilivyotamkwa kwa kawaida tu mbele za watu, lilimfanya aliinamie sanduku tupu. Alitikisa kichwa. "Ninahamia chumba kimoja," akasema. "Sina pa kuweka."

Dorotea alimsindikiza mpaka stendi. Basi lilipowashwa, Dorotea alishika mkono wake dirishani. "Ukipata nafasi uje, dada. Kabula akujue."

"Nitakuja."

Kwenye pantoni jua lilikuwa bado kali. Abiria walikuwa wanaongea juu ya bei ya sangara, namna viwanda vya minofu vilivyopandisha samaki mpaka mwenye ziwa hali samaki wake. Evelina alisimama pale pale aliposimama asubuhi. Mikono yake haikuwa na kitu cha kushika, akaikunja kifuani, na maji yakapita chini yake na yeye hakuyaona.

Jumatatu Masalu alikuja na mkokoteni kumhamisha. Alipakia jiko, ndoo, stuli, kitanda kidogo cha futi tatu, mabunda mawili. Kisha akaingia chumbani, akakiangalia kitanda cha mninga.

"Na hiki kinaenda wapi, mama?"

"Wewe unalalia nini kwako?"

Masalu alisita. "Sisi? Mimi na mama watoto tuna mkeka. Watoto wana godoro."

"Kichukue."

"Mama, hiki ni kitanda cha watu. Mwenyewe akirudi kutoka safari—"

"Harudi," Evelina alisema. "Amefariki. Niligundua juzi nilipompelekea vitu."

Masalu alivua kofia. Alikifungua kitanda kipande kwa kipande, kwa upole, kama anayeogopa kukiamsha, na akaziegemeza mbao zake kwenye ukuta wa nje, akaahidi kuzifuata jioni. Evelina alifagia sebule, akafagia vyumba, akafagia na varanda. Hakuna ambaye angelala humo, lakini hakuweza kutoka na uchafu nyuma yake. Funguo alizipeleka ofisini. Karani alizitupa kwenye boksi lenye funguo nyingine nyingi, hakuuliza ni za nyumba ipi.

Buzuruga, Masalu alipokwisha kushusha na kwenda, Evelina alifunga mlango. Hakupanga vitu. Alitandika mkeka chini, akakaa, miguu ameinyoosha, khanga kichwani, kama wanavyokaa wafiwa. Kwao msiba ni siku tatu za watu kulala chini, wimbo, uji wa pamoja, wanaume nje kwenye moto. Yeye hakuwa na wa kumwita. Wenzake wa kiwanda walikuwa wametawanyika, mmoja Tarime, mmoja Shinyanga, wengine hakujua. Ndugu zake Majita walikuwa wamezoea miaka mingi kumhesabu kuwa mke wa mtu, si wao tena. Akakaa peke yake siku ya kwanza. Siku ya pili akatoka mara moja tu kuchota maji, wapangaji wakamsalimu, akaitikia, akarudi kwenye mkeka. Nje wapiga debe wa stendi walikuwa wakiita, Musoma, Bunda, Magu, Magu mmoja, na kila mtu alionekana ana pa kwenda. Kilio kilichomtoka hakikuwa kikubwa. Kilikuja, kikaenda, kikarudi anapofikiria mambo madogo, kama zile mara mbili alizopiga mashati pasi bure.

Siku ya tatu mtu aligonga. Alikuwa Bernadeta, mpangaji wa chumba cha mkabala, Mhaya muuza ndizi, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi.

"Mpangaji mpya, siku ya tatu hatujasikia jiko lako," alisema. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimefiwa."

"Yesu wangu! Na nani?"

"Mume."

"Lini?"

Evelina alisita, kwa kuwa alijua jibu lake litakavyosikika. "Mwaka juzi mwezi wa pili. Lakini nimeambiwa Jumamosi."

Alingoja mwenzake ashangae. Bernadeta alimtazama tu, akakitazama na kile chumba na mabunda yake yaliyofungwa.

"Basi ni Jumamosi," akasema.

Aliondoka, akarudi na kikombe kikubwa cha uji. Akavua kandambili mlangoni, akakaa chini kwenye mkeka kwa shida, akiguna kwa maumivu ya magoti. Hakuuliza mtu huyo alikuwa nani wala alikufaje. Alikaa pengine nusu saa, akipumua, akisema pole mara moja moja. Kisha basi la Bukoba kwa njia ya Geita lilipiga honi, na yeye akawa na mzigo wa ndizi wa kupokea. Akainuka, akaomba radhi, akatoka.

Evelina alikunywa uji. Alikuwa hajala kitu tangu juzi, na aliumaliza wote. Alikiosha kikombe kwa maji ya ndoo, akakifuta kwa kimoja cha vile vitambaa vya makochi, akavuka kukirudisha. Mlango wa Bernadeta ulikuwa na kufuli. Alisimama pale ukumbini na kikombe mkononi. Mpangaji mwingine alipita na beseni la nguo, akasema samahani, akapita. Evelina alikiweka kikombe chini kando ya mlango, akakigeuza kifudifudi vumbi lisiingie, akarudi chumbani kwake, akakaa tena kwenye mkeka. Ilikuwa saa sita ya mchana, na siku ya tatu ilikuwa bado haijaisha.